Bibi Mkunga Anajibu: Msamaha upo, barua ya mtendaji iko wapi?

Barua za mwezi huu zimenijia kutoka Newala, Kilwa, Tandahimba, Masasi na Rondo, na ingawa walioziandika hawafahamiani, wote wameuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: ikiwa huduma ya afya ya umma ni ya kila mtu, kwa nini asiye nacho ndiye anayeipata kwa taabu? Nilianza kazi ya uuguzi na ukunga mwaka 1993, nikaifanya katika mikoa yetu miwili ya Kusini, Lindi na Mtwara, kwa miaka 32 hadi nilipostaafu. Kwa hiyo nitajibu kama mtu aliyekaa muda mrefu upande wa ndani wa dirisha na ambaye sasa, kwa umri wake, anapanga foleni upande wa nje.

*

Shikamoo Bibi Mkunga. Bibi yangu mzaa mama ana umri wa miaka 74 na ninaishi naye katika kijiji kimoja karibu na Kitangari, wilayani Newala. Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali akiwa na shinikizo la damu na miguu imevimba. Dirishani niliambiwa nilipie vipimo na dawa, na niliposema kwamba wazee hutibiwa bure nikaambiwa nilete barua. Kwa mtendaji wa kijiji nilikwenda mara tatu nisimkute. Mwishoni niliuza mbaazi tulizokuwa tumeweka za kula. Je, matibabu ya bure kwa wazee ni ya kweli au ni maneno ya mikutanoni?
*Mjukuu, Newala*

Marahaba, mjukuu wangu, na pole kwa mbaazi. Matibabu hayo ni ya kweli, ila hayako kama yanavyotangazwa, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyokugharimu chakula cha nyumbani.

Sera ya Taifa ya Afya ya mwaka 2007 inataja makundi yanayosamehewa kuchangia gharama katika vituo vya umma. Wamo wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, wagonjwa wa kifua kikuu, wa ukoma na wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na wamo wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Soma tena maneno matatu ya mwisho. Mikutanoni husemwa "wazee wote bure", watu wakapiga makofi, lakini karatasi inasema wazee wasio na uwezo, na mtu akishasema "wasio na uwezo" ni lazima pawe na mwingine wa kuthibitisha kwamba uwezo huo kweli haupo. Mtoto wa miaka mitatu hatakiwi kuthibitisha kitu, kwa kuwa kila mtu anamwona kuwa ni mtoto. Bibi yako ana mvi kichwa kizima na bado hazitoshi, kwa sababu mvi huthibitisha umri na haziwezi kuthibitisha umaskini. Barua uliyoagizwa imetokana na hapo.

Msamaha huu ulizaliwa pamoja na malipo yenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, huduma katika hospitali na zahanati za Serikali zilikuwa bila malipo, na wazee wetu wanaukumbuka wakati huo vizuri, ingawa wanakumbuka pia makabati yaliyokuwa matupu. Mwaka 1993, mwaka uleule nilioanza kazi, uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali kubwa, kisha ukashuka ngazi kwa ngazi hadi vijijini. Ilijulikana tangu mwanzo kwamba wapo watakaoshindwa kulipa, kwa hiyo yakawekwa makundi ya kusamehewa, na kwa maskini wengine ikawekwa njia ya kumtazama mmoja mmoja. Makundi yanayoonekana kwa macho yakapata haki yao kwa urahisi kidogo. Maskini anayetakiwa kutazamwa mmoja mmoja akaachwa mikononi mwa barua, mhuri na saa za kazi za mtu mwingine.

Nikupe mfano mmoja niliouona mwenyewe, ili usidhani kwamba yaliyokupata ni mkosi wako peke yako. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi alikuja bibi mmoja ambaye barua ya mtendaji alikuwa nayo, ila ofisi ilitaka pia namba ya kitambulisho cha Taifa, na kitambulisho hicho hakuwa nacho. Alikuwa amekwenda kuandikishwa mara mbili, na mara zote mbili mashine ilikataa vidole vyake. Nilivishika vidole hivyo na kuvigeuza kuelekea dirishani. Alikuwa amebangua korosho kwa mikono tangu usichana wake, na utomvu wa ganda ulikuwa umekwisha kumla ngozi ya vidole gumba na vya shahada hadi ikawa laini na yenye kung'aa kama ngozi ya ngoma, haina mstari hata mmoja. Mtu mwenye mikono ya namna ile hahitaji karatasi ya kusema kwamba hana kitu, lakini yeye ndiye aliyerudishwa nyumbani akatafute karatasi nyingine.

Kuna sababu nyingine ambayo dirishani hutaambiwa. Dawa inapotolewa kwa msamaha, imetoka kwenye rafu na fedha haikuingia. Kituo huendeshwa kwa sehemu na makusanyo yake yenyewe, ambayo hununua dawa za nyongeza na glavu na kulipa posho ya mlinzi. Mganga mfawidhi ambaye nusu ya wagonjwa wake ni wa msamaha huanza, pengine bila kukusudia, kuuogopa msamaha. Sisemi hivyo kuwatetea waliokutuma barua. Nasema hivyo kwa sababu ukienda pale ukidhani unapambana na roho mbaya ya muuguzi utapigana na mtu asiye na ufunguo, na rafu itabaki tupu vilevile.

Sasa la kufanya. Barua haitafutwi siku ya ugonjwa. Itafute wiki hii, bibi akiwa amekaa barazani, na usianzie kwa mtendaji. Anzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye anajua nani amekula nini jana usiku. Mtendaji ukimkosa tena (msimu wa korosho mara nyingi utamkuta mnadani kuliko ofisini), mpelekee jambo hilo mwenyekiti wa kijiji, na ikibidi lisemwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Lisemwe kwa ajili ya wazee wote wasiojiweza wa kijiji, waandikwe katika orodha moja yenye muhtasari na mhuri, na nakala ipelekwe kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri na kwa mganga mfawidhi wa kituo chenu. Orodha ya namna hiyo ikishakuwapo, bibi yako hatakuwa ombaomba mmoja aliyesimama dirishani. Ikiwa kaya yenu imo katika mpango wa TASAF wa kaya maskini, nenda na kadi yake, kwa kuwa umaskini wenu umekwisha kuhakikiwa na Serikali yenyewe na sioni kwa nini mhakikiwe upya kila mnapougua. Baadhi ya halmashauri hutoa vitambulisho vya matibabu kwa wazee. Uliza kama yenu inatoa.

Ukiwa hospitali bila barua, usibishane na mpokea fedha. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi, kwa sababu ofisa wa hapo ndiye mwenye mamlaka ya kumpima mgonjwa asiye na uwezo papo hapo na kupendekeza asamehewe. Hospitali za wilaya na za mkoa zina ofisi hiyo. Wakati mwingine ni chumba kidogo mwisho wa ukumbi, hakina kibao, nawe utakipita mara mbili. Na kama hali ni ya dharura, yaani mgonjwa anahema kwa shida, amezimia au anatoka damu, utaratibu ni kwamba anatibiwa kwanza, habari ya fedha inafuata. Hilo liseme kwa sauti ya kawaida na ulirudie.

Shinikizo la damu la bibi ni la kila siku, kwa hiyo atahitaji dawa kila mwezi. Mwombe daktari amwandikie ili dawa hizo azichukue katika kituo cha karibu badala ya kwenda mjini, maana nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na siku moja ya kupulizia mikorosho unayoipoteza wewe msindikizaji, huzidi bei ya vidonge vyenyewe. Ndiyo sababu mimi neno "bure" silipendi. Mgonjwa wa Newala amekwisha kulipa kabla hajafika dirishani.

*

Bibi, nakuamkia. Sisi tuko kisiwani, wilaya ya Kilwa. Mke wangu ana mimba ya miezi saba na kliniki wamesema ajifungulie hospitali, siyo zahanati, kwa sababu mimba iliyotangulia alifanyiwa upasuaji. Kusi likichafuka hapa hakuna chombo kinachovuka. Tena amepewa orodha ya vifaa vya kwenda navyo, na mimi ni mvuvi wa dau la mtu. Je, si kweli kwamba kujifungua ni bure?
*Baba mtarajiwa, Kilwa*

Marahaba, baba. Nianze na orodha, kwa sababu ina dhambi yangu ndani yake.

Huduma za ujauzito, za kujifungua na za baada ya kujifungua katika vituo vya umma hazilipiwi, na sera haikusema kwamba mama alete wembe wake. Lakini vituo hupungukiwa vifaa, na vikipungukiwa sisi wakunga huagiza. Katika zahanati moja niliandika orodha hiyo kwa mkono wangu na kuibandika ukutani kwa plasta: glavu, wembe, uzi wa kufungia kitovu, pamba, mpira wa kutandika, kanga nne na beseni. Niliona nasaidia, kwa sababu mama aliyekuja bila glavu alinilazimu nimpokee mtoto kwa mikono mitupu. Mwaka mmoja mama wa kitongoji cha pili alijifungulia nyumbani mtoto wake wa nne, akatoka damu nyingi, akaletwa kwangu juu ya baiskeli. Alipona, na alipopata nguvu nilimgombeza: kwa nini hukuja na kliniki zote ulihudhuria? Akanijibu kwamba vyote alikuwa amevipata isipokuwa beseni, na aliona aibu kuja bila beseni. Jioni ile niliibandua ile karatasi.

Kwa hiyo, baba, andaa unachoweza, hasa kanga safi na nguo za mtoto, lakini mke wako asije akabaki nyumbani kwa sababu ya kitu kilichomo katika orodha. Aende hata mikono mitupu. Atakayemrudisha mama mwenye uchungu kwa sababu ya glavu amekosea, na unayo haki ya kumwona mganga mfawidhi saa hiyohiyo.

Jambo kubwa zaidi ni bahari. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007 ulilenga zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, na Kusini tumeona majengo yakiongezeka. Lakini upasuaji hauhitaji jengo tu. Unahitaji daktari, mtaalamu wa usingizi, damu na umeme usiokatika, na hivyo havitapatikana katika kila kisiwa. Kilwa mmezoea kutazama vitu vyenu vikiondoka: gesi ya Songosongo imekuwa ikisafiri kwa bomba kwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2004, usiku na mchana, kusi na kaskazi, ilhali mama mwenye uchungu anasubiri upepo utulie. Sisemi kwamba bomba na boti hutoka fungu moja. Ninasema kwamba palipotakiwa njia ya kudumu ya kuvuka maji, ilijengwa.

Mke wako asisubiri uchungu akiwa kisiwani. Mtu aliyewahi kupasuliwa hatari yake ni kovu kuachia wakati wa uchungu, na hiyo haimpi nahodha muda wa kutweka tanga. Avuke wiki mbili au tatu kabla ya tarehe aliyoandikiwa, na kama mimba itafikia mwisho wake katika miezi ya kusi kali avuke mapema zaidi, akae kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Kama hamna ndugu, uliza kliniki kuhusu nyumba ya kusubiria kujifungua, ile ambayo sehemu nyingi huitwa chigonela. Baadhi ya hospitali na vituo vya afya vinazo. Kule mama hulala na kupimwa, ingawa chakula mara nyingi hujitegemea. Hapo ndipo fedha yako ya dau itakapokuwa na kazi, kwa hiyo usiimalize kwenye beseni.

Weka pia namba 115 katika simu yako na katika simu ya jirani. Ni ya mfumo wa dharura uitwao M-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, na kuipiga hakugharimu kitu. Mfumo huo humhudumia mjamzito mwenye dharura, mama aliyejifungua ndani ya siku 42 na mtoto mchanga wa hadi siku 28. Anayepokea simu hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana hutumia madereva wa jamii walioandikishwa, ambao hulipwa na mfumo wenyewe. Kabla hamjafikwa na shida, muulizeni mganga wa zahanati yenu kama kuna mwenye boti ya mashine kisiwani aliyeandikishwa katika mpango huo. Kama hayupo, hiyo ni ajenda ya serikali ya kijiji kwa mwezi huu.

*

Mimi ni mkulima wa Tandahimba. Baada ya mnada wa korosho nililipia CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, kaya yangu yote. Mwezi wa nne mtoto wangu wa miaka tisa aliugua, nikaenda na kadi, nikaambiwa dawa hakuna nikanunue duka lililo mbele ya lango. Kuna haja gani ya kulipa tena?
*Mwanachama aliyechoka*

Hasira yako ni ya haki. Bima isiyokuwa na dawa ni sawa na mwavuli ulioachwa nyumbani.

Hata hivyo tazama kalenda yako mwenyewe. Korosho huuzwa kati ya Oktoba na Januari, na malaria hupamba moto masika, wakati fedha ya mnada imekwisha na ghala lina mbegu tu. Mkulima wa kwetu hana fedha mwezi anaougua, ndiyo maana kulipa mapema kulionekana kunamfaa. CHF iliyoboreshwa ilipoanza mwaka 2018, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi ikatambuliwa kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, mradi ufuate ngazi za rufaa. Baadaye ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ambayo inataka kila mkazi awe na bima na inaweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Kwa hiyo kabla hujatoa fedha nyingine, uliza kituoni ni mchango gani unaotumika sasa na unafika ngazi ipi.

Kuhusu rafu tupu, unayo njia ambayo wanachama wengi hawaitumii. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wanaotoka katika jamii. Kamati hiyo ndiyo inayopaswa kujua ni kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimeagizwa Bohari ya Dawa, na kama dawa ilikosekana huko, kwa nini haikununuliwa kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa, aliyeidhinishwa. Mjumbe wa kijiji chako ni nani? Ukimpata, muulize lini walikaa mara ya mwisho. Nimeona kamati ambazo wajumbe wake hukumbukwa siku ya kusaini tu, na nimeona moja, ikiongozwa na mama muuza samaki, iliyokuwa ikihesabu maboksi ya dawa kila yanaposhushwa, akiwa ameshika kalamu na daftari la mtoto wake wa shule. Sitasema zahanati ile haikuishiwa dawa. Lakini dawa zilipokwisha, kijiji kilijua tarehe.

Duka la mbele ya lango nalo linanisumbua. Dawa ikikosekana ndani na kupatikana hatua ishirini kutoka hapo, kamati ina haki ya kuuliza.

*

Dada yangu ni kiziwi. Kila tunapokwenda kliniki ya uzazi wa mpango muuguzi ananiuliza mimi, na dada ananitazama. Mambo mengine haoni sawa kuyaeleza kwa kupitia kwangu. Tufanyeje?
*Mdogo mtu, Masasi*

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa dada yako haki ya huduma ya afya kama mtu mwingine, na huduma hiyo haijakamilika ikiwa siri yake lazima ipite kinywani mwa mdogo wake. Wauguzi wanaojua lugha ya alama ni wachache mno, na sitakuahidi kwamba utampata mmoja kesho. Kama dada anajua kusoma, mwambieni muuguzi mapema kwamba mazungumzo yatakuwa ya kuandika, mwende siku yenye foleni fupi, nawe usubiri nje. Kama hasomi, ombeni kupitia ofisa ustawi wa jamii atafutwe mwalimu wa kike anayejua alama. Na wewe, muuguzi akikuuliza, nyamaza umwoneshe dada kwa mkono. Mara ya pili hatakuuliza.

*

Bibi, naandika kwa aibu. Nina umri wa miaka 52, niko Rondo, na nina busha la miaka minane. Nimeacha kuswali safu za mbele kwa sababu kurukuu kunanipa taabu na watu wanaona. Nimeambiwa upasuaji ni gharama kubwa na ni kwa waliobahatika kambi zikija. Je, dawa zinazogawiwa kila mwaka hazitaliondoa?
*Msomaji, Rondo*

Mzee wangu, aibu iache hapohapo ulipomalizia kuandika. Busha, au ngirimaji, ni ugonjwa wa pwani yetu yote, na Lindi na Mtwara tumelibeba zaidi ya sehemu nyingi. Halitokani na madafu wala kurogwa. Vijidudu vya minyoo huingizwa mwilini na mbu, mwaka baada ya mwaka, hasa kwa mtu anayelala bila chandarua karibu na maji yaliyotuama na vyoo vya mashimo vilivyo wazi. Kwa maneno mengine ni ugonjwa wa makazi duni. Angekuwa nao mkubwa mwenye kiti cha kuzunguka, kambi zingekuja kila wiki.

Dawa za kingatiba, ambazo ni ivermectin na albendazole, zilianza kugawiwa nchini kwa kuanzia Mafia mwaka 2000, na kazi yake ni kuua vijidudu vichanga vilivyomo katika damu ili mbu asivibebe kwenda kwa mwingine. Zimeze zinapokuja, kwa ajili ya wajukuu zako. Lakini maji yaliyokwisha kujaa hayataondolewa na vidonge. Busha huondolewa kwa upasuaji, na si upasuaji wa ajabu; daktari wa hospitali ya wilaya huufanya, kwa kawaida bila kukulaza usingizi mzito.

Kambi za upasuaji wa mabusha huja, mara nyingi bila malipo, na hutangazwa kupitia zahanati na mbao za matangazo za kijiji. Tatizo ni kwamba mwenye busha hasimami kuuliza mbele za watu, kwa hiyo tangazo humpita. Nenda kwa mganga wa zahanati yenu asubuhi kabla wagonjwa hawajajaa, umwambie akuandike katika orodha ya wanaosubiri upasuaji wa busha na aiwasilishe kwa mratibu wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele katika halmashauri; kila halmashauri ina mtu aliyepewa kazi hiyo. Usipopata jibu kwa miezi mitatu, omba rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa pale Lindi mjini, na kama fedha huna, fuata njia ya ustawi wa jamii niliyomweleza kijana wa Newala hapo juu. Ukiwa na mguu unaoanza kuvimba pia, mwoneshe. Mguu wa tende hutunzwa kwa kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni na kukaushwa vizuri katikati ya vidole, na hilo unaweza kulianza leo jioni.

Baada ya upasuaji utakatazwa kazi nzito kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usikubali tarehe itakayoangukia wakati wa kupalilia kama huna wa kukusaidia. Muulize daktari pia ni lini utaweza kurukuu na kusujudu. Amekwisha kuulizwa hivyo na wengi.